Zeze, Fidla na Kwateti: Muziki wa Nyuzi, wa Kale na wa Sasa

Ngoma kubwa huitika pale ilipowambwa. Ni nzito, na mara nyingi ni mali ya mji, ya ukoo au ya mtawala. Ala ya nyuzi, kwa upande wake, ni mali ya mtu mmoja. Huning'inizwa begani, huvuka mito na misitu, hulala kambini pamoja na mwenyewe, na ifikapo ugenini hujifunza lahani za wenyeji. Ndiyo maana historia ya ala za nyuzi ni historia ya safari na ya makutano ya watu. Hapa Tanzania ni miji michache iwezayo kutufunza historia hiyo vizuri kama Ujiji, mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Pwani na mwanzo wa njia ya kuvuka Ziwa Tanganyika.

Katika nchi za Ulaya upo muziki wa nyuzi unaoheshimiwa kuliko aina nyingine nyingi. Huo ni muziki wa kwateti, yaani muziki wa watu wanne wenye fidla mbili, viola moja na chelo moja. Siku hizi maonyesho ya kwateti huchanganya kazi za watunzi wa karne ya 18 na ya 19 na kazi za watunzi wa zama zetu, na baadhi ya watunzi hao ni Waafrika. Msomaji aweza kuuliza: jambo hili lamhusu nini mwanafunzi wa Kasingirima, kata mojawapo ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ambaye pengine hajapata kuiona fidla kwa macho yake? Makala haya yatajaribu kuonyesha kwamba lamhusu sana. Ndani yake limo swali linalougusa utamaduni wa taifa zima: muziki upi uitwe wa kale, upi uitwe wa sasa, na ni nani mwenye haki ya kuyagawa majina hayo?

Ujiji, njia panda ya nyuzi

Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walipofika Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858, waliukuta mji ambao tayari ulikuwa na soko na wafanyabiashara kutoka Pwani. Waha na Wajiji walikuwa wenyeji wa nchi. Wanyamwezi walifika wakiwa wapagazi na wachuuzi, Waswahili na Waarabu walitoka upande wa Bagamoyo na Unguja, na watu wa Manyema walivuka ziwa kutoka magharibi. Miaka 13 baadaye, mwaka 1871, Stanley alikutana na Livingstone hapo hapo. Vitabu vya shule husimulia mkutano huo wa Wazungu wawili na kuyasahau maelfu ya makutano mengine yaliyotokea katika mji huo, ambayo ndiyo yaliyoijenga lugha yake, vyakula vyake na nyimbo zake.

Burton mwenyewe, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1860, alizieleza ala za watu aliowaona njiani. Alilitaja zeze lenye kibuyu na mti wa vituo, na akalitaja pia jina la kinanda, nalo lilikuwa la kisanduku cha mbao kilichowambwa nyuzi na kupakatwa mapajani. Hili ni jambo la kuangaliwa. Leo mtu akisikia neno kinanda hufikiri juu ya ala ya kanisani inayopigwa kwa vidole juu ya meno yaliyopangwa. Lakini neno hilo lilikuwa jina la ala ya nyuzi katika nchi hii kabla wamisionari hawajaleta ala zao, na wageni walipofika na chombo kipya, Waswahili walikipa jina la chombo walichokuwa nacho. Basi lugha yenyewe yashuhudia kwamba muziki wa nyuzi ulikuwapo hapa tangu zamani.

Ala zenyewe zilikuwa za namna nyingi. Lipo zeze la ubapa wa mti lenye kibuyu na vituo vya kubania uzi kwa vidole, na ala za ukoo huo huo zimeenea mpaka mashariki ya Kongo. Lipo pia zeze la Wagogo, ambalo hupigwa kwa uta kama fidla. Katika nchi za maziwa makuu ipo ndingidi, yenye uzi mmoja na uta mmoja. Juu ya zote ipo inanga ya Burundi na Rwanda, ambayo Wahaya huiita enanga. Inanga ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na shimo kama sinia, na juu yake uzi mmoja mrefu huzungushwa kwenda na kurudi hata ukafanya mistari minane hivi. Mpigaji wa Burundi huimba kwa sauti ya chini sana, karibu na kunong'ona, hata msikilizaji asiweze kutenga neno na uzi. Waha, ambao lugha yao na Kirundi ni kama ndugu wa tumbo moja, wako ndani ya ulimwengu huo huo wa sanaa.

Ala hizi hazikuwa za kuburudisha tu. Katika Buhaya, mpigaji wa enanga alikuwa mtunzaji wa habari za mashujaa na watawala. Utafiti alioufanya Mulokozi katika miaka ya 1980 umethibitisha kwamba tungo hizo ni tendi kamili, zenye visa virefu, wahusika na kanuni zake za utunzi. Anayeidharau enanga, kwa hiyo, anaidharau pia maktaba ya watu wake.

Kwateti ni kitu gani?

Sasa tutazame upande wa pili. Muziki wa kwateti ulipata umbo lake kamili mikononi mwa Joseph Haydn, mtunzi wa Austria aliyeishi kati ya mwaka 1732 na 1809. Kuanzia mwaka 1761 Haydn alikuwa mtumishi wa ukoo wa kitajiri wa Esterházy, akivaa sare za watumishi na kutunga kwa amri ya bwana wake. Katika maisha yake alitunga kwateti 68. Mozart alijifunza kwake, na mwaka 1785 alichapisha kwateti sita na kumtunukia. Beethoven naye alitunga 16, na zile za mwisho, za mwaka 1824 hadi 1826, alizitunga akiwa kiziwi.

Kwateti haina mtu anayesimama mbele kuongoza kwa kijiti. Kila mmoja wa wale wanne ana sehemu yake, na hakuna mwenziwe anayeirudia sehemu hiyo. Hoja huanzishwa na mmoja, hupokewa na wa pili, hupingwa na wa tatu, kisha wote hurudi pamoja. Goethe, mshairi wa Kijerumani, aliufananisha muziki huu na mazungumzo ya watu wanne wenye busara. Mtu wa Ujiji hahitaji kwenda Ujerumani ili auelewe mfano huo. Wazee wanne walioketi barazani jioni hufanya vivyo hivyo: mmoja hutoa neno, mwingine hulikamilisha, wa tatu hulitilia shaka, na wa nne, ambaye amenyamaza muda mrefu, husema jambo moja linalobadili mwelekeo wa mazungumzo yote. Asiyejua kusikiliza hawezi kukaa katika baraza hilo, wala hawezi kukaa katika kwateti.

Tena muziki huu ulitungwa kwa ajili ya chumba, si kwa ajili ya uwanja. Wapigaji wake walicheza sebuleni, mbele ya watu wachache, na pengine bila wasikilizaji wowote ila wao wenyewe. Hapo kwateti hufanana na inanga kuliko inavyofanana na beni au bendi ya dansi. Zote mbili hudai nyumba ndogo, watu waliotulia na sikio lililo tayari. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba Mwafrika ni mtu wa ngoma kubwa na kelele, na kwamba muziki wa kusikilizwa kwa utulivu ni wa Wazungu, hajapata kuketi karibu na mpigaji wa inanga.

Fidla yafika Pwani

Wengine hudhani kwamba fidla ni mgeni wa juzi katika Afrika Mashariki. Sivyo. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, naye aliporudi alifundisha wengine. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Akhwani Safaa, ambacho kimedumu kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika taarabu ya vyama hivyo fidla iliketi pamoja na udi, kanuni, nai na dumbaki, na baadaye zikaongezwa chelo na besi. Kwa hiyo ndugu wa familia moja na wale wa kwateti wamekuwa wakipigwa na Waswahili kwa vizazi kadhaa, wakiitumikia mizani ya mashairi ya Kiswahili.

Hapo mwanzo nyimbo za taarabu ziliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad na wenzake, waliokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika sahani za santuri, ndio walioieneza taarabu ya Kiswahili mpaka ikasikika nchi nzima na ng'ambo yake. Chombo kilikuwa cha kigeni, lakini sauti iliyotoka ndani yake ilikuwa ya kwetu, wala hakuna Mswahili leo anayeiona taarabu kuwa muziki wa kuazima.

Fidla iliwezaje kupokewa kwa urahisi hivyo? Sababu moja imo katika umbo lake. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vituo vya chuma, na kinanda cha meno kina sauti zilizokwisha kukatwa, hata mpigaji hawezi kupita katikati yake. Shingo ya fidla haina vituo. Kidole chaweza kubana uzi mahali popote, na hivyo kuitoa sauti yoyote ambayo sikio la mpigaji linaitaka. Ndiyo maana fidla iliweza kuzipiga sauti za Kiarabu huko Cairo, ikaingia katika muziki wa kusini mwa India, na ikafuata ghani za Unguja, bila kumlazimisha mtu yeyote kuacha sauti za wazee wake. Jambo hili lina uzito kwetu. Muziki wa Wagogo, kwa mfano, umejengwa juu ya sauti zinazozaliwa na uzi wenyewe kwa maumbile yake, na baadhi yake hazilingani sawasawa na meno ya kinanda. Mwalimu akiufundisha muziki huo kwa kinanda peke yake ataupotosha bila kujua. Akiufundisha kwa zeze, au hata kwa fidla, ataukaribia zaidi.

Ya kale na ya sasa katika onyesho moja

Mwanzoni mwa karne ya 20 alitokea mtunzi wa Hungaria, Béla Bartók, aliyeona kwamba wasomi wa nchi yake walikuwa wakiiga muziki wa miji mikubwa na kuzidharau nyimbo za wakulima wao. Akachukua mashine ya kunasia sauti, akazunguka vijijini, akakusanya maelfu ya nyimbo. Mwaka 1913 alifika Biskra, nchini Algeria, akakusanya na huko pia. Kati ya mwaka 1908 na 1939 alitunga kwateti sita, na ndani yake midundo ya wakulima ilikaa bega kwa bega na elimu ya Haydn na Beethoven. Wapo waliochukizwa siku hizo, lakini leo kwateti za Bartók huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi kuu za karne hiyo.

Njia hiyo iliendelezwa na wengine. Mwaka 1973 kilianzishwa huko Marekani kikundi cha Kronos Quartet, kilichoamua kupiga hasa kazi za watunzi walio hai. Mwaka 1992 kikundi hicho kilitoa santuri iliyojaa kazi za watunzi wa Kiafrika. Miongoni mwao alikuwa Hamza El Din, Mnubi ambaye kijiji chake kilimezwa na maji ya bwawa la Aswan, na ambaye kazi yake ya udi juu ya gurudumu la kutekea maji ilipangwa upya kwa kwateti. Alikuwapo pia jirani yetu wa karibu zaidi, Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1951. Kwateti yake ya kwanza, aliyoitunga mwishoni mwa miaka ya 1980, ina jina la Kiganda lenye maana ya Njia ya Msalaba. Ndani yake wapigaji wanne huzidonoa nyuzi kwa vidole na kuzikwaruza kwa uta kwa namna ya kuzikumbusha ala za Buganda, hata mtu aliyekulia huko aitambue nyumba ya kwao katika vyombo vya Ulaya.

Kazi hizi zimejibu hoja mbili zinazopingana. Hoja ya kwanza husema kwamba kwateti ni mambo ya Kizungu na hayatuhusu. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwalaumu waliosomea dansi za kigeni wakaona haya kucheza ngoma za kwao. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Yeye mwenyewe aliwatafsiria Watanzania tamthilia mbili za Shakespeare, mwaka 1963 na 1969, wala Kiswahili hakikupungukiwa na kitu kwa tafsiri hizo. Hoja ya pili husema kwamba zeze na inanga ni mambo ya kishamba, yaliyopitwa na wakati. Hao nao wajiulize: ikiwa yamepitwa na wakati, mbona watunzi wa leo huyatafuta ili wapate neno jipya la kusema?

Nani mwenye jina?

Hata hivyo hatuna budi kulitazama jambo moja kwa makini. Katika ratiba ya onyesho la kwateti, Haydn ameandikwa kwa jina lake, mwaka wake na namba ya kazi yake. Ufikapo muziki wenye asili ya Afrika, mara nyingi huandikwa tu kwamba ni wa jadi. Neno jadi ni neno la heshima, lakini laweza kutumika kama kaburi lisilo na jiwe. Kila lahani ilikuwa na mtu aliyeianza. Mtu huyo alikuwa na jina, alikuwa na kijiji, na alikuwa na sababu ya kuitunga. Jina hilo likifa, muziki wake huwa mali ya yeyote aokotaye, na aokotaye ndiye atakayeitwa mtunzi.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa nyimbo na ala za makabila mengi. Kazi yake ni hazina kubwa na twapaswa kuishukuru. Lakini hazina hiyo imewekwa katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Mjukuu wa mpigaji aliyenaswa siku ile, akitaka kuisikia sauti ya babu yake, hana budi kuitafuta mbali na mahali ilipozaliwa.

Tumtazame pia Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003. Aliletwa Dar es Salaam baada ya Uhuru kupiga zeze na ilimba katika sanaa ya taifa, kisha akawa mmoja wa nguzo za Bagamoyo, ambapo Chuo cha Sanaa kilifunguliwa mwaka 1981. Alitengeneza mazeze makubwa yenye nyuzi nyingi kuliko aliyoyarithi, jambo linaloonyesha kwamba jadi nayo hubuni. Kumbi za Ulaya, Marekani na Japani zilimjua. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wa sekondari wanaoweza kulitaja jina lake, na ni wangapi wanaoweza kuitambua sauti ya zeze lake wakiisikia?

Wala tusijidanganye kwamba kuuandika muziki wa zeze kwa ajili ya fidla ni kuuokoa. Nota huonyesha sauti na urefu wake, lakini hazionyeshi mnong'ono wa mpigaji wa inanga, wala mlio wa kibuyu kinaposogezwa kifuani na kuondolewa, wala maneno ya msikilizaji anayeitikia. Kwateti ya Tamusuza haichukui nafasi ya ndingidi. Inatuonyesha tu jinsi ndingidi ilivyo na mengi ya kuufundisha ulimwengu. Mwalimu wa kweli wa kazi ile angali mpigaji wa kijijini, na mpigaji huyo akitoweka bila mwanafunzi, kwateti mia moja hazitamrudisha.

Wajibu wa shule

Basi shule zifanye nini? Jambo la kwanza ni kuwatafuta wapigaji wakiwa hai. Mwanafunzi wa Kasingirima yuko mahali pema kwa kazi hiyo, kwa kuwa jirani zake wametoka Buha, Manyema, Burundi, Unyamwezi na Pwani, na kila mmoja ameleta majina ya ala za kwao. Aulize ni ala gani zilizopigwa katika arusi na misiba, ni nani aliyezitengeneza, kwa mti gani na kwa uzi wa nini. Aliandike jina la mpigaji kabla ya kuliandika jina la wimbo, na asinase sauti ya mtu bila idhini yake.

Jambo la pili ni kuzifanya ala zikutane. Zanzibar imekwisha kutuonyesha njia: tangu mwaka 2002 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimekuwa kikiwafundisha vijana fidla na kanuni katika Mji Mkongwe, na mwalimu mwenyeji na mwalimu mgeni wameketi darasa moja. Shule isiyo na fidla inaweza kuanza na zeze la kibuyu, ambalo vifaa vyake havihitaji fedha za kigeni.

Jambo la tatu ni kusikiliza bila kugawa daraja. Mwalimu akiwachezea wanafunzi sehemu ya kwateti ya Haydn, kisha akawachezea inanga, asiwaambie kwamba moja ni elimu na nyingine ni burudani. Awaulize tu: ni nani aliyeanza kusema, ni nani aliyemjibu, na walipatana wapi? Maswali hayo yanafaa kwa zote mbili. Mwanafunzi atakayeyajibu vizuri atakuwa ameanza kuujua muziki wa Ulaya, na pia atakuwa ameanza kuujua wa kwao, ambao hapo kabla aliupita njiani kila siku bila kuusikia.

Haydn alikuwa mtumishi wa nyumba ya bwana, na mpigaji wa inanga aliimba mbele ya mtawala wake. Wote wawili walifanya kazi kwa uzi, kwa mti na kwa sikio. Tofauti kubwa iliyobaki kati yao ni kwamba mmoja aliandikwa, akachapishwa na kufundishwa kwa zaidi ya miaka mia mbili, hali mwingine aliachiwa kumbukumbu peke yake. Tofauti hiyo haikutokana na ubora wa muziki. Ilitokana na kazi ya waandishi, wachapaji na walimu, na kazi ya namna hiyo inaweza kufanywa hapa pia, na watu wa hapa, maadamu wapigaji wangalipo.